Vilindi na Mashimo: Sala, Huzuni na Amani katika Biblia Isomwayo Kahama na Geita

Msomaji wa pwani humjua Ayubu kwa njia ya utenzi kabla ya kumjua kwa njia nyingine yoyote. Utenzi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha London mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulikuwa umekwisha kusomwa na kunakiliwa kwa mkono katika nyumba za Waswahili kabla haujapigwa chapa, na ndani yake Ayubu ni mja aliyepokonywa mali, watoto na siha, naye akasubiri. Subira hiyo imekuwa mithali. Lakini msomaji huyohuyo akisafiri hadi Kahama au Geita, akaketi msibani pa kijana aliyefukiwa na kifusi cha mgodi, na Biblia ikafunguliwa, huenda akakutana na Ayubu asiyemjua. Ayubu huyu, katika sura ya tatu ya kitabu chake, anailaani siku aliyozaliwa. Katika sura ya 30 anamshitaki Mungu mbele ya Mungu mwenyewe kwamba amelia na hakujibiwa. Na katika ibada hiyohiyo atasomwa Paulo, katika Wafilipi 4, akiwataka waumini waache wasiwasi, wamweleze Mungu haja zao, wakiahidiwa amani inayozidi kila wanachoweza kukifahamu.

Ni yupi kati ya hao wawili anayesema na mjane? Akimfuata Ayubu, ataonekana amekosa imani. Akimfuata Paulo, atalazimika kumeza kilio chake mbele ya watu, na mumewe hajafukuliwa bado.

Swali hili halikuzuka katika vyuo vya theolojia peke yake. Ukanda wa dhahabu ulio kusini ya Ziwa Viktoria umelizaa kwa kazi yake. Geita ilichimbwa tangu enzi ya Mwingereza. Mgodi wake mkubwa ukafungwa mwaka 1966, ukafunguliwa upya kwa mitambo ya kisasa mwaka 2000. Bulyanhulu, upande wa Kahama, ulifuata mwaka 2001, miaka mitano baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa kwa nguvu mahali hapo mnamo Agosti 1996, tukio lililoacha madai mazito ya watu kufukiwa mashimoni, madai ambayo serikali na wenye mgodi waliyakanusha. Pembeni mwa migodi mikubwa, maelfu ya watu hushuka maduarani kwa kamba, tochi kichwani, kuta zikiwa zimeshikiliwa na magogo ya matimba. Mvua ikinyesha udongo hulegea. Oktoba 2015 mgodi wa Nyangarata, wilayani Kahama, uliporomoka na watu sita wakasalia chini. Januari 2017 watu 15 walinaswa katika mgodi mmoja wa Nyarugusu, Geita, wakatolewa wote hai baada ya siku kama tatu. Agosti 2025, huko Nyandolwa, Shinyanga, watu 25 walinaswa katika mgodi wa Chapakazi, na msako wa kuwatafuta ukaendelea kwa majuma. Katika nchi ya namna hii sala ya asubuhi ina uzito ambao mwenye kufanya kazi juu ya ardhi huenda asiujue. Ila mvuvi wa Unguja au wa Pemba ataujua, na waliopotelewa na ndugu katika Spice Islander mwaka 2011 au Skagit mwaka 2012 wataujua zaidi.

Vifungu vinavyoonekana kugongana ni vingi. Katika Mathayo 6 Yesu anawakataza wanafunzi wake kurudiarudia maneno katika sala. Katika sura ya 26 ya kitabu hichohicho yeye mwenyewe anasali mara tatu kwa maneno yaleyale. Luka 18 inamsifu mjane aliyemchosha kadhi kwa kumwendea bila kukoma. Yeremia 7 inamwonyesha Mungu akimkataza nabii wake asiwaombee watu kabisa. Maombolezo 3 yasema Mungu amejifunika wingu ili sala isipenye. Kuhusu huzuni, Mhubiri 7 anaiweka juu ya kicheko, ilhali barua kwa Wathesalonike inaagiza furaha isiyokatika. Kuhusu amani, Yohana 14 inamwonyesha Kristo akiwaachia wanafunzi wake amani kama urithi, na Mathayo 10 inamwonyesha akisema kwamba hakuja kuileta duniani.

Wapo wanaofurahia kuziorodhesha tofauti hizi ili kuonyesha kwamba kitabu kimejipinga. Hao hawahitaji kujibiwa kwa kirefu. Wanaisoma Biblia kama hati ya madai, na hali sehemu kubwa ya maneno hayo ni ushairi, na mshairi anayelia katika ubeti mmoja na kutulia katika ubeti wa pili hajasema uongo mara mbili. Hakuna aliyeishutumu Al-Inkishafi kwa kuwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ameulilia uharibifu wa majumba ya Pate na papo hapo akauonya moyo wake usishikamane na dunia. Hatari kubwa iko kwa wale wanaoipenda Biblia mno hata wasiistahimili: wanaoharakisha kuvisuluhisha vifungu vyake kwa kukifanya kimoja kuwa bwana na kingine mtumwa. Katika mahubiri mengi ya msibani mtumwa huwa ni huzuni. Zaburi ya kilio husomwa, kama ikisomwa, kwa aya mbili tatu za mwanzo, kisha msomaji huruka hadi kwenye shukrani. Amani hupewa neno la mwisho kana kwamba waandishi wote walikubaliana hivyo.

Hawakukubaliana. Na lugha ya Kiswahili yenyewe, kwa namna watafsiri walivyoitumia, inatoa ushahidi ambao haujaangaliwa vya kutosha.

Litazamwe kwanza neno kuomba. Katika Kiswahili mwenye njaa huomba, mkopaji huomba, mwenye kusamehewa huomba, na muumini huomba. Wakatoliki wamependelea kusali, lakini hata wao huomba. Neno moja limebeba kazi ya ombaomba wa sokoni na ya mtakatifu. Kisha kuna kuomboleza. Wanaisimu na wajadili asili yake, lakini sikio la Mswahili halina budi kuisikia kuomba ndani ya kuomboleza, kana kwamba maombolezo ni maombi yaliyorefushwa, yaliyokazwa, yaliyokataa kunyamaza. Kwa sikio hilo, anayeomboleza hajatoka katika sala akaingia katika jambo jingine. Ameingia ndani zaidi. Mhubiri anayemwambia mfiwa aache kuomboleza ili aombe anatengua kwa mkono wake kile ambacho lugha anayoihubiria imekisuka.

Neno la pili ni amani, na hapa historia ya tafsiri ina faida. Kazi aliyoianza Edward Steere huko Unguja ilikamilishwa baada ya kifo chake, Biblia nzima kwa Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Wamombasa wakapata yao mwaka 1914. Na Biblia ya Muungano, ambayo ndiyo inayosomwa na wengi hadi leo, ikatoka mwaka 1952. Katika mkondo huo neno la Kiebrania shalom lilifasiriwa mara nyingi kwa amani, neno la Kiarabu lenye maana ya usalama wa mtu asiye na hofu, na lenye udugu na imani. Karl Roehl, Mjerumani aliyetaka Kiswahili cha kanisani kipunguziwe Uarabu, alitoa Biblia yake mwaka 1937, na mahali pa amani akaweka utengemano. Jaribio lake la kuichuja lugha lilikuwa la upotofu kwa sehemu kubwa, na wapenzi wa ushairi wa pwani hawana sababu ya kulililia. Hata hivyo, katika neno hili moja alipiga shabaha. Shalom haikomei katika utulivu wa moyo. Ni hali ya kitu kilichokamilika, kilichowekwa sawa, kisicho na pengo. Kitu kilichovunjika kikitengenezwa hutengemaa. Basi palipo na shimo lililomeza mtu na halijamrudisha, utengemano haupo, hata kama wote waliohudhuria wametulia na kwaya imeimba vizuri.

Jambo la ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno la tatu, ndugu wa damu wa shalom, nalo ni salama. Nalo likabaki zaidi katika maamkizi. Maamkizi hayo yanaufungua mlango wa kisa ambacho, kuliko vyote, kingefaa kusomwa katika misiba ya Kahama na Geita, na ambacho husomwa kwa nadra.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, mwanamke wa Shunemu, mtu wa nyumba yenye nafasi, amempata mtoto uzeeni mwa mumewe kwa neno la nabii Elisha. Mtoto anaugua kichwa shambani wakati wa mavuno, anafia mapajani mwa mama yake. Mwanamke anamlaza juu ya kitanda cha nabii, anafunga mlango, anatandikiwa punda, anaondoka. Mumewe anapomwuliza sababu ya safari, anamjibu kwa neno moja: shalom. Gehazi, mtumishi wa nabii, anatumwa ampokee njiani na kumwuliza hali yake, ya mume na ya mtoto, kila mara kwa neno hilohilo. Naye anajibu tena, shalom. Mtoto ni maiti. Watafsiri wa Muungano, kwa ustadi unaostahili sifa, waliacha amani kando na wakamwamkia kwa hujambo na hajambo ya kila siku, na hapo Mswahili yeyote anatambua kinachotendeka. Si uongo. Ni adabu. Mswahili akiulizwa habari hujibu njema kwanza, kisha ndipo hueleza kwamba nyumbani kuna msiba. Wasukuma nao huulizana mhola, na mhola ndilo jibu, kwa mwenye shibe na kwa mwenye kilio. Habari yenyewe huja baadaye, kwa mtu anayestahili kuipokea.

Mwanamke huyu anajua ni nani anayestahili. Anampita Gehazi na mhola yake. Anafika kwa nabii, anamshika miguu, na Gehazi anasogea ili amsukume aondoke. Mwandishi wa kisa haelezi kwa nini. Labda ni kwa ajili ya heshima ya mkubwa, labda ni aibu ya kuona mtu mzima ameanguka chini. Elisha anamzuia. Anasema kwamba roho ya mwanamke ina uchungu, na kwamba Bwana amemficha jambo hilo wala hakumwambia. Nabii anakiri kuwa hajui. Ndipo mwanamke anapozungumza, na maneno yake ya kwanza hayana unyenyekevu wowote: anamwuliza iwapo yeye ndiye aliyeomba mtoto, na kumkumbusha kwamba alikwisha kumtaka asimdanganye.

Hapa vitu vitatu vinavyodaiwa kugongana, yaani amani, huzuni na sala, vimewekwa ndani ya aya zisizozidi tatu, na mwandishi hakuona haja ya kuvipatanisha. Shalom ya njiani ilikuwa ganda la adabu lililolinda huzuni hadi ifike mahali pake. Huzuni ilipofika miguuni pa nabii ikawa ndiyo sala. Na sala ilikuwa lawama. Kwamba mtoto alifufuka baadaye ni jambo la furaha, lakini kisa hakisemi kuwa mama alijua atafufuka. Mhubiri anayeanzia kwenye ufufuo amekwisha kuchukua nafasi ya Gehazi.

Inaweza kupingwa kwamba hilo ni Agano la Kale, na kwamba Paulo amekuja na amri mpya. Basi asomwe Paulo mwenyewe, na isomwe barua ileile. Kabla ya kufika kwenye sura ya nne yenye amani ipitayo fahamu, msomaji hupitia sura ya pili, na huko Paulo anaeleza habari za Epafrodito, mwenzake aliyeugua karibu na kufa. Anasema Mungu alimrehemu mgonjwa yule, na akamrehemu Paulo pia, asije akapatwa na huzuni juu ya huzuni. Mwenye kusema hivyo yu kifungoni, tayari ana huzuni moja, anaihesabu, na anakiri kwamba ya pili ingemwelemea. Anamrudisha Epafrodito kwao ili huzuni yake mwenyewe ipungue. Haisemi imekwisha. Mtu huyu hakuwa akiwaagiza Wafilipi wawe na moyo wa jiwe alipowaambia wasihangaike. Amri ya furaha ilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akihesabu huzuni zake kama mchimbaji anavyohesabu mifuko ya mawe. Ukiitenga sura ya nne na ya pili, unapata kauli ya bango. Ukizisoma pamoja, unapata barua ya mfungwa. Kwa Wathesalonike nako, katazo la kuhuzunika lina kishazi ambacho aghalabu hudondoka katika usomaji: wasihuzunike kwa namna ya wasio na tumaini. Huzuni yenyewe haikukatazwa.

Bustani ya Gethsemane inaleta ugumu zaidi, na wahubiri wengi huipita mbio. Yesu anaomba kikombe kiondolewe. Hakikuondolewa. Barua kwa Waebrania, sura ya tano, inasema alitoa maombi kwa kilio kikuu na machozi kwa yule awezaye kumwokoa na mauti, na kwamba alisikiwa. Alisikiwaje, ilhali alikufa? Maelezo ya wafasiri ni mengi: kwamba alisikiwa kwa kufufuliwa, kwamba alisikiwa kwa kutiwa nguvu, kwamba alichoomba hasa kilikuwa kutimizwa kwa mapenzi ya Baba. Yote yana hoja. Hakuna hata moja linaloondoa kilio. Na Luka peke yake, kati ya wainjili, anatoa sababu ya usingizi wa wanafunzi usiku ule: walilala kwa huzuni. Waliofiwa wanaijua hali hiyo, mtu anapolala mchana kutwa si kwa uvivu. Mwandishi aliyeijali hata huzuni ya waliosinzia hawezi kufanywa shahidi wa dini isiyotaka machozi.

Msomaji Mwislamu hatakuta mambo haya kuwa mageni. Katika Surat Yusuf, Nabii Yaqub anasubiri subira njema, na macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Anapolaumiwa na wanawe hujibu kwamba mashitaka ya majonzi yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Subira na kilio vimekaa katika mtu mmoja, katika kisa kimoja. Na Ayubu wa Qurani, anayesifiwa kwa subira katika Surat Saad, ndiye yuleyule anayenadi katika Surat Anbiyaa kwamba amepatwa na madhara. Huenda utenzi na mithali ndivyo vilivyomnyamazisha Ayubu kuliko kitabu chochote.

Kuhusu Ayubu, wachimbaji wa Geita wana haki ya pekee. Sura ya 28 ya kitabu chake ni shairi la machimbo, na ni vigumu kulisoma mbali na Nyarugusu baada ya kulisoma Nyarugusu. Mshairi wa kale anawaeleza watu wanaokomesha giza kwa taa zao, wanaotoboa shimo mbali na makazi ya watu, wanaoning'inia wakipepesuka mahali ambapo mguu wa mpita njia haukanyagi. Juu ya ardhi hutoka mkate, chini yake kumepinduliwa kama kwa moto. Njia hiyo tai hajaiona. Mtu aliyeyaandika haya aliwahi kuona duara, au alisimuliwa na aliyeona. Anaistaajabia kazi hiyo. Hakuna neno la dharau juu ya mchimbaji. Kisha shairi linageuka na kuuliza mahali inapopatikana hekima, na kilindi kinajibu kwamba haimo ndani yake, bahari inajibu kwamba haiko kwake, na dhahabu haiwezi kuinunua. Shairi hili limetulia, limekamilika, na lingefaa kuwa mwisho wa kitabu. Mwandishi hakulifanya kuwa mwisho. Sura tatu zinazofuata zinarudi kwenye kilio, kikali kuliko cha kwanza. Amani ya sura ya 28 ilikuwa ya kweli, na haikutosha. Kitabu kinapofika mwisho, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia wale rafiki watatu waliomtetea, na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Kauli hii ingepaswa kuwatetemesha wote wenye kutoa faraja kwa ufasaha.

Lipo swali la amani ya uongo, na hili katika ukanda wa dhahabu si la moyo tu. Yeremia 6 inawashutumu makuhani na manabii wanaoitibu jeraha la watu juujuu, wakitangaza amani pasipo amani. Mika, katika sura ya tatu, ni mkali zaidi: anawataja manabii wanaotangaza amani wakiwa na kitu cha kutafuna, na kumwandalia vita asiyewatia kitu kinywani. Ukiyaweka maneno hayo kando ya Yohana 14 yataonekana kupingana, lakini yanazungumzia vitu viwili vyenye jina moja. Kuna amani anayopewa mwenye dhiki ili aweze kuendelea kuishi. Na kuna amani anayodaiwa mwenye dhiki ili wengine wasisumbuliwe. Ya pili ndiyo upanga wa Mathayo 10 ulikuja kuikata. Isaya naye, katika sura ya kwanza, anasema kuna mikono inayoinuliwa katika sala na Mungu akageuza uso, kwa kuwa imejaa damu. Katika miaka ambayo watu wenye ualbino waliuawa kanda ya Ziwa kwa imani za kishirikina za utajiri, na vikongwe wakauawa Shinyanga kwa wekundu wa macho yao, aya hiyo haikuhitaji mfasiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akizungumzia mauaji hayo. Machozi yale yalizungumzwa sana, na wachache waliuliza kama yalikuwa ni sala.

Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Geita lina jina la Bikira Maria Malkia wa Amani. Februari 2023 mtu aliingia humo usiku akavunja na kunajisi vitu vitakatifu. Askofu Flavian Kassala hakuagiza pafagiliwe na misa iendelee Jumapili iliyofuata. Kanisa lilifungwa hadi tarehe 18 Machi, waumini wakaagizwa sala za malipizi. Kwa majuma matatu hivi nyumba ya Malkia wa Amani ilikaa kimya, milango imefungwa, kwa sababu ya huzuni. Kama kitendo cha ibada, na kama usomaji wa Biblia, ule ulikuwa wa makini kuliko mahubiri mengi: ulikubali kwamba amani iliyovunjwa haitangazwi, hungojewa. Inatia shaka kwamba kinachofanyika kwa ajili ya altare kinafanyika kwa nadra kwa ajili ya mtu. Mjane wa mchimbaji hapewi majuma matatu; jioni ya siku ya mazishi ameshaambiwa ashukuru.

Watunzi wa Kiswahili wangeweza kusaidia hapa. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alithubutu katika miaka ya 1960 kuziingiza Injili na Zaburi katika bahari ya utenzi, na kwa kufanya hivyo aliwaonyesha wa bara na wa pwani kwamba umbo hili ni la wote. Utenzi, hata hivyo, una mwendo wa kusimulia na kuasa. Vina vyake vinakwenda mbele. Kilio kinahitaji umbo linalozuia mwendo. Mshairi wa Maombolezo alilipata katika alfabeti. Sura yake ya kwanza, ya pili na ya nne zina aya 22 kila moja, na kila aya inaanza kwa herufi yake ya Kiebrania kwa mpango. Ya tatu ina aya 66, tatu tatu kwa kila herufi. Wajuzi wa Dura Mandhuma hawahitaji kuelezwa ufundi huo. Mji umeteketea, na mtu anaulilia kutoka alifu hadi ye, kana kwamba anataka kuhakikisha kuwa hakuna uchungu uliosahauliwa, na pia kwamba uchungu una mwisho kwa sababu herufi zina mwisho. Biblia ya Muungano haikujaribu kuufuata mpango huo, na msomaji wa Kahama anapata maneno bila ule uzi. Anayaona kama kilio kilichotapakaa. Hajui kwamba kimepangwa kama shanga, na ya kuwa aliyekipanga hakuona haya kukipa kilio chake ustadi wote aliokuwa nao. Sura ya tano ina aya 22 vilevile, lakini herufi zimetoweka. Hesabu imebaki, mpangilio umekufa. Na aya ya mwisho kabisa inauliza kama Mungu amewakataa moja kwa moja. Wayahudi, wanapokisoma kitabu hiki hadharani, huirudia aya iliyotangulia ile ya mwisho ili msikilizaji asiachwe gizani. Hawaifuti. Huisoma kwanza, kisha ndipo hurudi.

Zaburi ya 88 haina hata marudio hayo. Ni moja kati ya nyingi, kwani theluthi ya Zaburi au zaidi ni vilio, lakini nyingine karibu zote hugeuka mwishoni, hii haigeuki. Inaanza na kilio cha mchana na usiku, na neno lake la mwisho katika Kiebrania ni giza. Katikati kuna shimo, tena shimo la chini kabisa, na mtu aliyehesabiwa pamoja na wafu naye angali anasema. Hapa msamiati wa Kiswahili unawagawia wasomaji wake mafungu tofauti. Zaburi ya 130, yenye kulia kutoka vilindini, ni ya watu wa bahari. Kilindi ni neno la nahodha, na msomaji wa Tumbatu hahitaji kamusi. Ya 88 ni ya wenye maduara. Kanisa Katoliki limeiweka katika sala ya mwisho ya usiku wa kila Ijumaa, yaani yeyote anayefuata vipindi vya sala huenda kulala siku hiyo akiwa na giza kinywani, pasipo mtu kumwambia kwamba amekosa imani.

Wale wa Nyangarata walikaa chini siku 41. Mmoja wao alifia hukohuko. Watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba 2015, baada ya kuishi kwa mizizi, mende na vyura, na maji machafu yaliyopenya kutoka juu. Katika siku hizo zote huko juu kulikuwa na watu ambao hawakujua kama waombe au waomboleze, kwa kuwa hawakujua kama wanao wafu au wanao wazima.